Kijana kabanwa na chuma mbele yetu watu wanane: wakongwe wa jimu, tuwasemeshe wageni kabla hawajalala kwenye benchi

#1 Mleta uzi, Dar es Salaam

Wakuu, salaam.

Nina miaka 14 kwenye vyuma, mingi nimeimalizia katika jimu za mitaani huku Temeke, hizi za paa la bati na benchi za kuchomelea. Kuna jambo lilitokea Jumamosi ya wiki mbili zilizopita na mpaka leo linaninyima usingizi.

Alikuja kijana wa kama miaka 19, ilikuwa siku yake ya tatu. Mpole, akiingia anasalimia kila mtu, anakaa pembeni anatazama wengine, kisha anaiga. Siku hiyo akaenda benchi, ile ya kulala chali na kusukuma rodi, akaweka ishirini ishirini, yaani kilo 20 kila upande. Mimi nilikuwa kona ya pili navuta mgongo. Nilimwona anavyoshika rodi: vidole vyote vitano upande mmoja, dole gumba halijazunguka. Nilijua ni kosa. Nikajisemea, acha nimalize raundi yangu, nikimaliza namwendea.

Raundi yangu ilibaki mara sita. Haifiki dakika moja.

Sikusikia kelele. Naomba hili mlishike, maana wengi tunadhani mtu akibanwa atapiga ukunga. Mtu aliyekandamizwa kifua hana pumzi ya kupigia ukunga. Nilichosikia ni visigino vikigonga sakafu, tena kwa shida kwa sababu redio ilikuwa juu. Kugeuka, rodi imeshamponyoka viganjani, imetua kifuani na inabiringika kuelekea shingoni. Tuliruka watatu tukaitoa. Midomo ilikuwa imeshabadilika rangi. Hospitali walimpiga picha wakakuta mbavu ziko nzima, lakini ile alama ya rodi chini ya koo ilikaa siku kadhaa.

Baadaye nikamwuliza, mdogo wangu, ulijua umeweka kilo ngapi? Akaniambia arobaini. Hakuhesabu rodi. Ile rodi ndefu ya mita 2.2 peke yake ni kilo 20, kwa hiyo alilala chini ya kilo 60 akiamini ni 40. Siku tatu kashinda na sisi, watu wanane, hakuna aliyemwambia jambo dogo kama hilo. Na mimi nimo.

Ndiyo sababu ya uzi huu. Tumezoea kusema "mgeni aulize". Mgeni hajui cha kuuliza. Hawezi kuuliza uzito wa rodi kama hajui kwamba rodi inahesabiwa. Hawezi kuomba kushikiwa kama hajawahi kuona mtu akishikiwa. Anayejua ndiye anayepaswa kuinuka amfuate, na amfuate kabla hajalala kwenye benchi. "Nikimaliza raundi" ni kuchelewa.

Mimi sasa nafanya hivi. Salamu kwanza, tunajuana majina, namwuliza ameanza lini. Simwambii "unakosea". Namwambia, "Naona unaenda benchi, nikusimamie?" Hapo hajisikii kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Nikishasimama kichwani pake ndipo nauliza ameweka ngapi, anataka kwenda mara ngapi, na kama uzito huo ameshawahi kuujaribu. Akijibu "sijui", tunatoa pleti zote (vile visahani vya uzito vya kwenye ncha za rodi) na tunaanza na rodi tupu.

Halafu namrekebisha jambo moja tu kwa siku. Leo dole gumba lizunguke rodi. Keshokutwa miguu ikae chini imara. Siku nyingine mabega yabane nyuma. Ukimmwagia mambo saba kwa mkupuo, atalala pale anawaza maneno yako badala ya chuma. Na usimsemeshe katikati ya raundi ila kwa hatari ya kweli, kwa sababu atakugeuzia shingo huku chuma kiko juu ya uso wake.

Kumsimamia mtu benchi kuna namna yake. Simama nyuma ya kichwa chake, miguu imepanuka, magoti yamelegea kidogo, mikono yako iwe kati ya mikono yake, karibu na rodi bila kuigusa. Simu mfukoni. Macho kwenye rodi, si kwenye kioo. Rodi ikikwama na kuanza kurudi chini, shika bila kungoja, na ukishashika usiachie mpaka usikie imegonga vishikio vyake pande zote mbili.

Na mkubaliane maneno kabla. Kiswahili chetu kina mtego hapa. Mtu akipiga kelele "acha!" anamaanisha usinisaidie, bado nina nguvu. Mwenzake ambaye ameshashika anasikia "achia!" Nimeshuhudia rodi ikiachiwa namna hiyo na kumtua mtu tumboni. Kwetu sasa yamebaki maneno mawili, "shika" na "bado". Neno "acha" tumelipiga marufuku pale.

Jambo jingine ambalo wageni hawalijui ni kutoa pleti. Mtu amemaliza, rodi iko kwenye vishikio, anaanza kuvua upande mmoja mpaka unaisha. Upande wa pili una 40 au 60, rodi inapinduka kama mzani, na ile ncha tupu inaruka juu kwa nguvu ya kumvunja mtu taya. Vua moja huku, moja kule.

Nawakaribisha, hasa wenye uzoefu wa jimu za namna yetu. Video nyingi za mtandaoni zinadhani kila mtu ana raki yenye vyuma vya usalama pembeni.

#2 Mdau, Mwanza

Mkuu, asante kwa uzi, na pole kwa kijana. Naomba kuuliza. Huku kwetu hatuna hizo pleti za kuvua. Vyuma vyetu ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, yamechomekwa kwenye bomba, yamegandia humohumo. Mtu akibanwa anafanyaje? Na uzito wenyewe tunakadiria kwa macho tu.

#3 Mleta uzi

Mdau wa Mwanza, nilianzia kwenye zege hizohizo, najua unachosema.

Tuanze na uzito. Zege ni karibu kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, maana yake kila lita moja inabeba karibu kilo 2.4. Kopo la lita 4 likijaa linafika kilo tisa na nusu hivi. Ndoo ya lita 20 ikijaa hadi juu inakaribia kilo 48, moja tu, na vijana huwa wanaichukulia kama dumu la maji. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20 na ushee. Ukichomeka ndoo mbili kwenye bomba umetengeneza karibu kilo 100, nje ya bomba lenyewe, na kesho yake atakuja kuruta mmoja kuuliza "hii ni ngapi?" na mtu atamjibu "ya kawaida tu."

Kwa hiyo pimeni. Pelekeni kwa wanunuzi wa chuma chakavu, mizani ipo, kazi ya nusu saa. Kisha andikeni kwa rangi kubwa kwenye kila kopo. Mtapata na jambo la pili: makopo mawili ya ukubwa mmoja hayalingani. Moja lina kokoto nyingi, jingine lilipungua mchanganyiko. Ukiona mgeni chuma kinamlalia upande mmoja kila siku, usiharakishe kusema mkono wake wa kushoto ni dhaifu. Pima makopo kwanza.

Bomba nalo likaguliwe pale linapoingia kwenye zege. Hapo ndipo kutu inapokula, kwa sababu jasho na maji vinakaa. Ukiona ufa au bomba linacheza ndani ya zege, chuma hicho kitolewe leo. Nondo ya ujenzi nayo isitumike benchi: ile mikunjo yake inachana viganja, na ikipinda, uzito wote unahamia upande mmoja.

Sasa kubanwa. Penye pleti za kuvua, mtu aliye peke yake hafungi klipu (vibanio vya kuzuia pleti zisitoke) akienda benchi, ili akishindwa aelemeze upande mmoja pleti zitoke, kisha upande wa pili. Haipendezi, sakafu itaumia, ila kifua kinapona. Kwenye zege iliyogandia njia hiyo haipo kabisa. Kwa hiyo sheria yetu ya zamani ilikuwa kwamba chuma cha kugandia hakilaliwi na mtu aliye peke yake, mkongwe wala mgeni. Hakuna mtu? Piga pushapu, tumia dambeli ambazo unaweza kuziachia pembeni, au vuta mgongo.

Na mkivuta chuma kutoka chini, zingatieni kimo. Pleti kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo rodi inakaa sentimita 22 na nusu kutoka sakafuni. Makopo yetu ni madogo, rodi inakaa chini mno, na mgeni inabidi aupinde mgongo kama upinde ndipo aifikie. Weka matofali mawili kila upande mpaka rodi ifike katikati ya ugoko. Nimeona watu waliolalamika kiuno miezi wakapata nafuu kwa matofali tu. Zoezi hilo halishikiwi na mtu, akishindwa anaachia chuma chini, basi. Ukijaribu kumsaidia utaumia wewe.

#4 Mdau, Mombasa

Nashukuru kwa mada. Mimi ni dada, nina mwaka wa pili kwenye jimu, na nataka kuongeza upande wetu.

Wiki zangu za kwanza nilisaidiwa sana, kiasi cha kutaka kuacha. Kaka mmoja ananishika kiuno nikiwa nimebeba chuma begani, hakuomba. Mwingine ananiambia nipunguze, wa tatu aongeze, wote ndani ya raundi moja. Niliondoka siku hiyo nikalia kwenye matatu. Najua baadhi yao nia ilikuwa njema. Lakini mtu mwenye kilo 30 begani hawezi kukutoa mkono wako, na hilo ndilo linalotisha.

Aliyenirudisha ni mama mmoja wa makamo pale jimuni, aliyenijia nikiwa nimekaa nakunywa maji. Akasema, "Mwanangu, nimeona magoti yako yanaingia ndani ukipanda. Wataka nikuonyeshe kwa rodi tupu?" Akanionyesha kwa mwili wake mwenyewe, hakunigusa. Mpaka leo nafanya vile.

Kwa hiyo ndugu zetu, ombeni kwanza. Mtu akisema hapana, iwe hapana. Na kama ni benchi, ulizeni kama angependa dada mwenzake amsimamie, kwa kuwa ile nafasi ya kusimama kichwani pa mtu aliyelala si kila mmoja anaistahimili.

Nyongeza kwa wenzangu tunaovaa mitandio: chomeka ncha zote ndani kabla hujakaribia mashine za kamba. Nimeona mtandio ukivutwa na puli. Mwenyewe aliponea kwa sababu mtandio ulikuwa umefungwa kwa pini, ukafunguka.

#5 Mleta uzi

Dada wa Mombasa, nimesoma mara mbili. Hilo la kwamba mtu mwenye chuma begani hawezi kukutoa mkono sikuwahi kulifikiria, na nina uhakika wengi humu hatukulifikiria. Kwa heshima yako naongeza kwenye kanuni yetu: hakuna kumgusa mtu, wa kiume wala wa kike, bila kumwuliza, ila pale rodi inapomwangukia.

#6 Mdau, Arusha

Sitaki kupingana na mleta uzi ila tuseme na upande wa pili. Wageni wengine wana kiburi. Juzi nilimwambia mmoja apunguze, akanijibu "kwani chuma ni chako?" Nikakaa kimya. Sasa nikiendelea kumfuatafuata naonekana mimi ndiye mchokozi. Pia mtu lazima aumie kidogo ajifunze, sisi wenyewe nani alitufundisha?

#7 Mleta uzi

Mkuu wa Arusha, hoja ya kwanza nakubaliana nayo, ya pili hapana.

Mwenye kiburi huwa ana aibu. Ulimwambia "punguza" mbele ya nani? Kama kulikuwa na wenzake, ulimweka pabaya. Jaribu kumwomba yeye akusimamie wewe. Kweli, mwite: "Bwana mdogo, nishikie hapa." Mwonyeshe mikono ikae wapi, maneno mawili yale, aone unavyoanza na rodi tupu kabla ya kupanda. Akishajua jinsi ya kumlinda mwingine, atajua kwamba na yeye anahitaji kulindwa. Kwangu hii imefanya kazi kuliko ushauri wowote. Akikataa bado, huna la kufanya zaidi ya kusogea karibu na benchi wakati amelala. Huhitaji ruhusa ya kusimama mita moja kutoka kwake.

Hoja ya pili. Nani alitufundisha? Mimi alinifundisha fundi mmoja wa magari pale mtaani, marehemu sasa. Kila jioni alikuwa akitoka gereji, kabla hajaoga, anapita jimuni anasimama nyuma yetu tuliokuwa tumemaliza shule ya msingi juzijuzi. Hakuwa ananyanyua siku hizo, mgongo wake ulishaharibika, na aliuharibu kwa sababu yeye ndiye hakuwa na wa kumwambia. Wengi waliojifunza kwa kuumia hatuwaoni humu jukwaani. Walishaacha.

#8 Mdau, Dodoma

Wakuu, nina miaka 46, nataka kuanza. Nina presha, natumia dawa. Vijana wangu wananikataza, wanasema nitaanguka. Halafu mama yangu anasema nitapata ngiri. Mnanishaurije?

#9 Mhudumu wa afya

Nimekuwa nasoma tu ila hapa nitachangia, kwa kuwa nipo wodini kila siku.

Kaka yangu wa Dodoma, presha iliyodhibitiwa si sababu ya kukaa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na wenye shinikizo la damu wamo. Lakini nenda kwanza kwa daktari wako akupime na akujue, kisha usinyanyue uzito wa kukufanya ubane pumzi. Sababu ni hii. Mwaka 1985 watafiti nchini Kanada waliwawekea wanyanyuaji vyuma mpira mwembamba ndani ya mshipa wa mkono, wakawapima presha wakiwa wanasukuma uzito mkubwa kwa miguu. Mmoja wao ilipanda hadi 480 kwa 350. Hao walikuwa vijana wenye afya, na ilishuka mara walipoacha. Kwa mtu mwenye presha hatutaki kufika huko. Chukua uzito unaoweza kuusukuma mara 12 hadi 15 huku unaweza kuhesabu kwa sauti. Kuhesabu kwa sauti kunakulazimisha kupumua. Ukishindwa kuhesabu, uzito ni mkubwa. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au maumivu yanayoshuka mkononi, acha hapohapo uende hospitali.

Ngiri: kama una uvimbe kwenye kinena unaotokeza ukikohoa au ukibeba kitu, onwa na daktari kabla ya chuma chochote. Uvimbe huo ukigoma kurudi ndani, ukauma na ukatapika, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Sasa lililonifanya niandike kwa kweli. Niliwahi kumpokea kijana aliyeanza jimu siku tatu kabla. Wenzake walimkaribisha kwa kumchuchumalisha mamia ya mara, wakimhesabia kwa makofi, eti ndiyo kiingilio. Alikuja mapaja yamevimba na magumu kama mbao, hawezi kukunja goti, na ndani ya chupa tuliyompa mkojo wake ulikuwa wa rangi ya soda nyeusi. Misuli ikivunjika kwa wingi inamwaga vitu kwenye damu ambavyo figo haiwezi kuvichuja, na figo zinaweza kuzimika. Madaktari wa London waliueleza ugonjwa huu mwaka 1941 kwa watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu. Misuli yao ilikuwa imekandamizwa na matofali. Huyu wetu alikandamizwa na karamu ya ukaribisho. Alipona, baada ya siku nyingi za dripu.

Misuli kuuma siku ya pili na ya tatu ni kawaida kwa mgeni. Mkojo kugeuka rangi ya soda nyeusi au chai ya rangi iliyokolea si kawaida hata siku moja. Usiridhike na kunywa maji tu ukangoja kesho, na usimeze dawa za maumivu za dukani, baadhi zinazidi kuumiza figo. Nenda hospitali. Na nawaomba wakongwe, kwa moyo wangu wote, hicho kiingilio kife.

#10 Mdau, Morogoro

Daktari/nesi, ubarikiwe. Nina kijana wa miaka 15, anataka kwenda jimu na kaka zake. Mtaani wanasema chuma kinadumaza, mtoto haongezeki urefu. Kuna ukweli?

#11 Mhudumu wa afya

Kwa mazoezi yanayosimamiwa vizuri, hakuna ushahidi wa kudumaza. Hata chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinayakubali mazoezi ya nguvu kwa watoto mradi kuna msimamizi anayejua. Kinachomwumiza mtoto ni ajali: mifupa yake bado ina sehemu laini za kukulia, na chuma kikimwangukia au akilazimisha uzito wa mashindano ndipo zinaweza kudhurika. Mwache aende, ila aende na mtu mzima, aanze na uzito wa mwili wake na rodi nyepesi, na asishindane na kaka zake. Na wewe mzazi uliza pale jimuni kama kuna wanaouza sindano au vidonge vya kuongeza mwili. Kama wapo, tafuta jimu nyingine. Sindano za kuchangia zinabeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na homoni za nje zinauzima mwili wa mtoto usitengeneze zake.

#12 Mdau, Zanzibar

La haraka. Ramadhani wageni wengi huanza jimu alasiri, tumbo tupu, chini ya bati. Nimeshadaka watu wawili waliozimia. Bora baada ya futari au baada ya tarawehe, na uzito upungue mwezi mzima.

#13 Mdau, Mwanza

Nimerudi. Jana tulibeba makopo yote hadi kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Lile tulilokuwa tunaliita "la kumi" ni kilo 13 na nusu. Mwenzake ni 11. Tumeshaandika kwa rangi nyeupe. Na bomba moja tumelitupa, lilikuwa limeliwa na kutu hadi unaona mwanga.

Swali la mwisho kwa mleta uzi. Hatuna pleti ndogo za kilo moja moja. Mgeni akitoka chuma kimoja kwenda kingine anaruka kilo 15 kwa mpigo. Tunapandaje?

#14 Mleta uzi

Mdau, umenifurahisha sana na hilo bomba.

Panda kwa idadi kabla ya uzito. Kama anakwenda raundi 3 za mara 8, abaki kwenye chuma hichohicho mpaka zote tatu zifike mara 15 bila kuyumba. Halafu tengenezeni vya kujazia: pakiti za chumvi za nusu kilo, mbili kila upande, zikizungushiwa gundi ya karatasi ngumu hadi zishikane na kopo. Zisiningʼinie. Kitu kinachoningʼinia kinabembea na kumyumbisha. Hapo umeongeza kilo 2 kwa jumla, na hiyo ndiyo hatua ya mgeni. Wiki mbili za kwanza asiongeze kabisa hata kama anaona rahisi, kwa sababu msuli unawahi kupata nguvu kuliko viungo na kano.

Kwa chuma cha begani, kama hamna raki yenye vizuizi, wasimame watu wawili, mmoja kila ncha, na washike kwa pamoja kwa neno moja. Mmoja akiwahi, mnamvunja kiuno. Na bandikeni ukutani namba ya simu ya dereva bajaji anayelala karibu. Sisi siku ile tulipoteza dakika tano tukitafuta usafiri.

Kuhusu kijana wetu, wengi mmeniuliza kwa ujumbe. Nilikwenda kwao nikaongea na mama yake, nikamwomba radhi kwamba nilimwona mwanawe na sikuinuka. Mama alinisikiliza, akasema tu nimwangalie akirudi. Alirudi Jumatano. Aliikwepa benchi kwa muda mrefu, akawa anazungukazunguka na dambeli ndogo. Nikaiacha raundi yangu katikati, nikavua pleti zote kwenye benchi, moja huku moja kule, nikasimama kichwani. Hakusema kitu. Akaja, akalala, akazungusha dole gumba, akaliangalia kama kweli limezunguka.

"Kaka, nikisema shika utashika?"

Nikamwambia nipo.

Akaenda na rodi tupu mara kumi. Hakusema shika.